Usivuke Mbele ya Hiace Iliyosimama

Gari linalomgonga mtu Magu mara nyingi si lile aliloliona. Ni lile lililokuwa nyuma ya gari lililosimama. Nasema hivi kwa sababu nimeshika usukani wa Hiace kati ya Mwanza na Magu kwa miaka kadhaa, nikipita Kisesa na Nyanguge asubuhi na jioni, na leo nauza spea za pikipiki kando ya barabara ileile. Zamani niliwaona wavukaji kupitia kioo cha mbele. Siku hizi mvukaji ni mimi.

Barabara yenyewe si ya mtaani. Ni njia kuu inayotoka Mwanza, inakwenda Musoma na kufika mpakani Sirari. Hapo hapo yanapopita mabasi ya mikoani na malori ya kwenda Kenya, ndipo mama anapovuka kwenda sokoni, mwanafunzi kwenda shule na mfugaji kupitisha ng'ombe wake. Dereva anayetokea Bunda amezoea mwendo wa porini, na akifika kwetu lami haibadiliki. Asipoheshimu kibao cha 50, tuta ndilo litakalomkumbusha kwamba ameingia mjini.

Sasa tazama Hiace inavyoshusha. Kwa kuwa Tanzania tunaendesha upande wa kushoto, mlango wa abiria uko kushoto, ukingoni. Abiria anasema "Shusha!", konda anagonga bodi, gari linasimama. Anateremka mama mwenye beseni la dagaa kichwani na mjukuu mkononi. Kwake ni ng'ambo, kwa hiyo anazunguka mbele ya gari. Dereva, kwa heshima, anampungia mkono: "Pita, mama." Mama anapita. Wakati huohuo bodaboda aliyechoka kusubiri nyuma anachomoka kulia aipite Hiace. Mama hamwoni, na yeye hamwoni mama, maana Hiace imewaziba wote wawili. Ule wema wa dereva umemtoa mama mafichoni na kumweka katikati ya njia ya mtu mwingine.

Ndiyo maana nawaambia madereva wenzangu: usimpungie mtu mkono kama hujatazama kioo cha pembeni. Huwezi kumpa ruhusa ya kupita kwenye upande wa barabara usioumiliki. Na wewe uliye nyuma, ukiona gari limesimama karibu na kivuko, usiulize limesimamia nini. Kuna mtu. Punguza mwendo, subiri.

Hesabu yake si ngumu. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Likiwa na 80, linakwenda mita 22. Mtu mzima mwenye mzigo huhitaji kama sekunde sita kuvuka mita saba za lami, na katika sekunde hizo gari la mwendo wa 80 limeshakula zaidi ya mita 130, kupita urefu wa uwanja wa mpira. Ukiliona "lipo mbali", huenda umekwisha kuchelewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtembea kwa miguu anayegongwa na gari la mwendo wa 65 yuko kwenye hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko anayegongwa kwa 50. Hizo kilomita 15 za ziada dereva anaziona ndogo kwa sababu yeye yumo ndani ya bati.

Najua pia kinachomsukuma dereva. Tajiri mwenye gari anataka hesabu yake jioni, abiria wanagombaniwa, na Hiace ya nyuma ikikupita imekuzidi kwenye kituo kinachofuata. Lakini Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haina kifungu cha hesabu ya tajiri. Inamtaka dereva ampishe mtu aliye kwenye kivuko.

Mtembea kwa miguu naye ana sehemu yake. Ukishuka, rudi ukingoni, acha gari liondoke, ndipo uvuke. Tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Ukimulikwa taa, usikimbilie kudhani umeruhusiwa. Wapo wanaomulika kumaanisha "pita", na wapo wanaomaanisha "nakuja, kaa hapo". Subiri uone magurudumu yamesimama. Mtoto mshike kifundo cha mkono, maana vidole huchomoka. Usiku tembea upande wa kulia ili magari yakukabili, na vaa au beba kitu cheupe. Kanga nyeusi kwenye lami nyeusi dereva huiona akiwa amekwisha fika.

Sisi wafanyabiashara tusijifiche. Tunapopanga meza, ndoo na pikipiki za kutengeneza hadi kwenye bega la barabara, tunamsukuma mpita njia aingie kwenye lami. Mimi zangu nimezirudisha ndani ya mstari wa mtaro. Na wenye barabara, TANROADS kwa njia kuu na TARURA kwa mitaa, wakumbuke kwamba rangi ya kivuko hufutika na tuta huchakaa. Dar es Salaam, asasi ya Amend ilijenga njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule za msingi, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji. Si teknolojia ya ajabu. Ni saruji, rangi na vibao.

Tunasema kila mara kwamba usalama ni wajibu wetu sote. Ni kweli, ila wajibu haulingani. Mvukaji akikosea anaumia yeye, dereva akikosea anaumia mwingine. Mwenye chombo kizito abebe sehemu kubwa. Kwa hiyo dereva unayekuja Magu, ukiiona Hiace imesimama, weka mguu kwenye breki kabla hujageuza usukani kuipita.