Admini, Mbolea na Mkopo wa Simu

Huku Bungoma na Kitale kuna cheo ambacho watu wanakikimbia siku hizi: uadmini. Kundi la WhatsApp la matanga huundwa usiku mmoja, michango ikusanywe, marehemu azikwe, na kabla udongo haujakauka aliyelianzisha ameshajiondoa au amemkabidhi mtu mwingine mzigo. Ukimwuliza sababu atakwambia serikali inasikiliza, na mtu akitupa neno baya mle ndani, wa kwanza kushikwa ni admini. Karibu naye utamkuta kijana wa boda mwenye imani iliyo kinyume kabisa: mtandaoni hakuna sheria, andika upendavyo, nani atajua ni wewe?

Imani hizi mbili huzisikia kila ninapoalikwa kuzungumza na wakulima na vikundi vya akina mama, iwe Mabanga, Kanduyi au Kitale. Zote zina chimbuko lake na zote hazijakaa sawa. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba tunatumia pumzi yote kubishana juu ya sheria zinazomfunga msemaji, ilhali ipo sheria nyingine inayomfunga mkono anayezichezea habari zetu, na hiyo karibu hakuna anayeiulizia.

Tuanze na admini. Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa pamoja na Mamlaka ya Mawasiliano zilitoa mwongozo kuhusu jumbe za kisiasa kwenye simu na mitandao ya kijamii. Mwongozo huo ulimtaka msimamizi wa kundi adhibiti yanayosemwa humo. Ulipofika redioni ukawa sentensi moja tu: admini atashtakiwa. Sentensi hiyo ndiyo imebaki, na mwongozo wenyewe umesahaulika. Lakini mwongozo wa taasisi haupitishwi Bungeni, na hauwezi kuzaa kosa la jinai ambalo sheria haijalitaja. Sheria ya tume hiyo, ya mwaka 2008, inamlenga anayetamka, anayechapisha au anayesambaza maneno ya kuchochea chuki ya kikabila, kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3. Admini akisambaza mwenyewe, yumo. Admini aliyelala usingizi huku mwanakundi akitukana saa nane za usiku hajatajwa popote.

Sisemi hofu hiyo ni ya kipumbavu. Watu wa pande hizi wameona maneno yanavyogeuka moto. Makubaliano ya amani ya jamii za Mlima Elgon ya mwaka 2011, yaliyokuja baada ya miaka ya umwagaji damu wa wanamgambo wa SLDF, yanajulikana kwa jina la Mabanga. Mzee aliyepitia enzi hiyo akiona mjukuu wake anasambaza sauti ya mtu anayetusi kabila jirani, ana haki ya kumnyang'anya simu.

Na je, serikali inasikiliza? Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa ndani ya simu yako na kufunguliwa ndani ya simu ya mpokeaji. Njiani kote, wala kampuni yenyewe wala mtandao wako wa simu hausomi maneno. Kinachoweza kujulikana ni namba gani iliwasiliana na ipi, na lini. Sasa yale maneno hufikaje polisi? Mara nyingi hupelekwa na mwanakundi. Mnaweza kuwa bakoki, mmetahiriwa mwaka mmoja, mmekula pamoja, lakini anayepiga skrinshoti ni mmoja wenu. Hapo ndipo imani ya kijana wa boda nayo inapoanguka, kwa sababu laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho. Tena huenda zimesajiliwa na nyingine asizozijua, na wakala aliyesimama na mwavuli sokoni. Mwenye laini ya Safaricom akibonyeza *106# ataona ni ngapi ziko chini ya jina lake.

Upande wa sheria zinazomlenga msemaji, historia yake ni ya kuvutana. Kulikuwa na kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichoharamisha ujumbe wa kuudhi au wa uongo wa kumsumbua mtu. Geoffrey Andare alishtakiwa chini yake kwa maneno aliyoandika kwenye Facebook mwaka 2015, akaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakifuta kwa kuwa kilikuwa kipana mno hata mwananchi asingeweza kujua mpaka wake uko wapi. Adhabu yake ilikuwa faini ya shilingi 50,000 au miezi 3. Miaka miwili baadaye Bunge likaleta Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na humo kuchapisha habari za uongo kukawekewa faini ya hadi shilingi milioni 5, na kumsumbua mtu mtandaoni hadi milioni 20 au miaka 10. Hebu linganisha. Chama cha Wanablogu kilipata amri ya kusimamisha vifungu 26, kisha Februari 2020 Jaji James Makau akavihalalisha vyote, na wanablogu wakakata rufaa. Tarehe 15 Oktoba 2025, siku ile ile nchi ilipopata habari za kifo cha Raila Odinga, Rais Ruto alitia saini marekebisho ya kuikaza sheria hiyo. Wengi wetu tulikuwa tunalia, hatukuona. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu ya kifungu cha usumbufu wa mtandaoni, kufuatia ombi la mwimbaji Reuben Kigame na shirika la haki za binadamu la KHRC.

Tatizo la sheria za namna hii kwa mkulima wa mahindi lilionekana wazi mwaka 2024. Machi, wakati watu wa Trans Nzoia na Bungoma wakitayarisha mashamba kwa mvua ndefu, wanahabari wapekuzi wa Africa Uncensored walitoa uchunguzi kuhusu magunia yaliyouzwa kama mbolea bila kuwa na virutubisho vilivyoandikwa juu yake. Habari ikaruka kutoka kundi hadi kundi. Wizara ya Kilimo ikakanusha. Wiki zikapita, serikali ikakiri kwamba kweli kulikuwa na mbolea isiyofikia viwango, ikaahidi kuwafidia wakulima, na kufikia Mei Bunge lilikuwa likijadili hoja ya kumwondoa waziri Mithika Linturi, ambaye hatimaye kamati maalumu ilimwondolea lawama. Sasa mchukue mwanamke wa Kiminini aliyesambaza onyo lile siku ya kwanza. Siku hiyo, kwa mujibu wa msemaji rasmi, alikuwa anaeneza uongo. Mwezi uliofuata alikuwa amewaokolea majirani pesa zao. Sheria inayompa afisa uwezo wa kuamua upi ni uongo wakati habari bado ni mbichi itamkamata mtu kama huyu kabla haijamfikia muuzaji wa magunia.

Kwa vijana, hofu hii ina majina. Rose Njeri alikamatwa Mei 2025 kwa kutengeneza ukurasa uliomsaidia mwananchi kutuma barua pepe ya kupinga Mswada wa Fedha. Alishtakiwa chini ya sheria ya 2018, na mahakama ikaitupa kesi wiki chache baadaye kwa kuwa mashtaka hayakuonyesha kosa lolote. Albert Ojwang, mwalimu, alichukuliwa Homa Bay mwezi Juni mwaka huo huo kwa madai ya chapisho kuhusu afisa mkuu wa polisi, akafa mikononi mwa polisi Nairobi. Ndiyo maana siwezi kumcheka admini anayejiondoa. Ananukuu sheria vibaya, lakini hali ya hewa anaisoma vizuri.

Ukivuka Malaba, udhibiti una sura nyingine tena. Uganda ilianza Julai 2018 kuwatoza watu shilingi 200 za huko kila siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, ikaiacha kodi hiyo 2021 na kuweka ya asilimia 12 kwenye bando. Januari 2021 ilizima intaneti nchi nzima wakati wa uchaguzi, na Facebook ikafungwa hata baada ya mengine kurudi. Wafanyabiashara wakajifunza VPN. Sisi nasi tuna yetu: Telegram imewahi kutatizwa nchini wakati wa KCSE ili kuzuia wizi wa mitihani, na aliyeumia ni kila mtu aliyekuwa akiitumia kwa shughuli zake halali. Kuzima hakuhitaji akili nyingi.

Nimefika kwenye ile sheria isiyoulizwa. Msimu wa karo, mtu anapakua programu ya mikopo. Inamwomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba, jumbe na mahali alipo, naye anabonyeza kukubali, kukubali, kukubali, maana mtoto amesimama mlangoni na sanduku. Jumbe za M-Pesa zinaieleza programu anapata kiasi gani na lini. Orodha ya namba ndiyo dhamana. Akichelewa kulipa, anapigiwa simu mkwe wake, mchungaji, mweka hazina wa chama, hata fundi aliyemtengenezea pikipiki mwaka juzi, wote wakiambiwa kwamba fulani ni mwizi. Katika jamii ambayo mtu huwezi hata kusalimiana kwa mkono na mama mkwe, hebu fikiria mama huyo akisomewa deni lako na mgeni wa Nairobi.

Watu huniambia hilo ni jambo la kuvumilia, kwani deni ni deni. Deni ni deni kweli, na linalipwa. Lakini kumpigia mkwe ni kosa. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba 2019. Inasema habari za mtu zichukuliwe kwa sababu iliyo wazi, zitumike kwa sababu hiyo tu, na mwenyewe awe amekubali au pawe na msingi mwingine wa kisheria. Mkwe wako hakukubali kitu chochote. Namba yake ni yake, huwezi hata wewe kumtolea idhini. Mwishoni mwa 2021 Benki Kuu ikapewa mamlaka ya kuwapa leseni wakopeshaji wa kidijitali, na kanuni za Machi 2022 zikakataza vitisho, matusi, kuwapigia watu walio kwenye simu ya mkopaji na kumwanika hadharani.

Na sheria hii imeuma. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wengine kutuma vitisho. Wakati huo huo shule moja ya Nairobi, Roma School, ilitozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hilo la shule ningependa walimu wakuu wa Bungoma walisome mara mbili. Kila matokeo yanapotoka, kurasa za Facebook hujaa nyuso za watoto, majina kamili na alama zao, zikitangaza nafasi za muhula ujao. Mzazi anafurahi, anasambaza. Hakuna aliyemwuliza. Na kwenye foleni za mradi wa sarafu ya kidijitali wa Worldcoin jijini, kulikotokea kelele nyingi watu walipopigwa picha za mboni kwa malipo ya takriban shilingi 7,000, serikali ilisitisha zoezi hilo Agosti 2023 na Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili akaamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku 7.

Malalamiko kwa Kamishna hayalipiwi na hayahitaji wakili. Ofisi inapaswa kuyamaliza ndani ya siku 90, na aliyeumizwa anaweza kuagiziwa fidia. Ukomo wa faini ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya kampuni kwa mwaka uliotangulia, ikichukuliwa ndogo kati ya hizo mbili, kiwango ambacho kwa kampuni kubwa ni cha kuchekesha. Kasoro nyingine ni za kila siku. Siku 90 ni nyingi kwa mtu aliyefedheheshwa mchana mmoja. Fomu inadai bando, barua pepe na Kiingereza cha kutosha, na bibi mwenye simu ya kabambe hana chochote katika hivyo, ingawa namba yake ndiyo inayopigwa. Programu iliyofungiwa Jumatatu huweza kurudi Ijumaa na jina jipya na rangi nyingine. Kama kaunti zetu zinataka kufanya jambo moja kuhusu intaneti, ziweke karani katika kituo kama cha wakulima cha Mabanga, anayesikiliza lalamiko kwa Kiswahili au Kibukusu na kulijaza.

Kwa sasa anayepigiwa ahifadhi namba, tarehe na ujumbe wenyewe ndani ya simu iliyoupokea. Usiufute kwa hasira, kwani Sheria ya Ushahidi inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza umetoka kwenye chombo gani, na skrinshoti iliyopita mikono saba ni vigumu kuitolea cheti. Mkwe naye anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe, na lalamiko lake huwa na nguvu kuliko la mdaiwa, kwa sababu yeye hakukopa. Na yeyote anayetaka kupakua programu nyingine Januari ijayo, orodha ya wakopeshaji wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, hutazamwa bure.