Pima kozi kabla ya kutia sahihi deni

BARUA ya kujiunga na chuo ikifika nyumbani, nderemo huwa nyingi kuliko maswali. Majirani huitwa, soda hununuliwa, na mjomba aliye mashambani hupigiwa simu. Ni nadra mtu kuketi na kalamu na karatasi akauliza: Je, kozi hii itatugharimu pesa ngapi hadi mwisho? Na tukishazilipa, tutakuwa tumenunua nini?

Maswali hayo mawili hayatenganishwi, mpenzi msomaji. Karo ya chini si nafuu iwapo cheti hakitambuliwi. Nayo karo ya juu si thibitisho la elimu bora.

Mwandishi huyu aliyajua hayo kwa machungu. Babangu aliuza ng'ombe wawili ili nijiunge na chuo kimoja jijini, vyumba vichache juu ya maduka. Karo yake ilikuwa nusu ya ile ya vyuo vingine, tukafurahi. Baada ya mihula miwili tukagundua kwamba hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyesajiliwa kwa mtihani wa kitaifa. Nilianza upya kwingine, na ng'ombe wa tatu akaenda sokoni.

Siku hizi uzito wa uamuzi huo umezidi. Kabla ya 2023, mwanafunzi aliyedhaminiwa na serikali katika chuo kikuu cha umma alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, awe anasomea historia au udaktari. Mwaka huo serikali ilileta mfumo unaogawa gharama halisi ya kozi mafungu matatu: ufadhili usiorudishwa, mkopo na mchango wa familia. Mnamo Desemba 2024 Mahakama Kuu iliuharamisha, na kesi ikapelekwa kwenye rufaa. Hata hivyo, wazazi walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba kozi zina bei, na bei hizo hazilingani.

Sasa tutazame deni lenyewe. Serikali ilianza kuwakopesha wanafunzi mnamo 1974. Wengi walidhani ni zawadi na hawakulipa, na hiyo ni sababu mojawapo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) kuundwa mwaka 1995. Mkopo wake wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa deni la Sh200,000, hiyo ni Sh8,000. Si mzigo wa kumwangusha mtu mwenye kazi.

Shida huanza mtu akikosa kulipa. Mhitimu hutarajiwa kuanza kulipa katika muda wa mwaka mmoja baada ya masomo, na sheria iliweka faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi anaokaa kimya. Hizo ni Sh60,000 kwa mwaka, zaidi ya mara saba ya riba! Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Na anayelia katika matanga haya ni mwanao, kwani jina lililo kwenye fomu ni lake. Akikosa kazi, aiandikie bodi mapema kabla faini hazijarundikana.

Basi, utapimaje ubora? Kwanza, uliza kama kozi imeidhinishwa. Shahada huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Vyuo vya kiufundi husajiliwa na TVETA. Ikiwa ni taaluma kama uuguzi, uhandisi au sheria, uliza pia bodi ya taaluma hiyo. Bodi ya Wahandisi imewahi kukataa kuwasajili wahitimu wa baadhi ya vyuo vikuu vya umma.

Pili, nenda ukajionee. Usitosheke na picha za kijitabu, maana kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tazama maabara na karakana. Waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wala si karani wa usajili, ni wahadhiri wangapi hufika darasani na waliowatangulia wako wapi sasa.

Tatu, hesabu gharama zisizoandikwa kwenye barua: chumba cha kukodi, nauli, chakula na mafunzo ya nyanjani. Ongeza na muda. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulikwamisha masomo kwa majuma kadhaa katika vyuo vikuu vya umma, lakini mwenye nyumba hakugoma kudai kodi.

Mwisho, usidharau diploma. Cheti cha fundi umeme kutoka chuo chenye karakana nzuri chaweza kumfaa mwanao kuliko shahada aliyochaguliwa kwa sababu ya jina. HELB huwakopesha wanafunzi wa vyuo hivyo pia.

Kwa hivyo barua ikifika, sherehekeeni. Lakini soda ikiisha, leteni kalamu na karatasi, na mwana mwenyewe aketi mezani. Deni ni lake, naye aulizwe.