Kompyuta ikichelewa kuamka, tusikimbilie kuifuta

Mwezi mmoja kabla ya kuwasilisha tasnifu yake, mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliingia ofisini mwangu akiwa amejiinamia. Kipakatalishi chake kilikuwa kimeanza kuchukua muda mrefu mno kuwaka, naye akakipeleka kwa fundi mjini Eldoret. Fundi alikitazama, akatamka kwamba "kinahangi", akakifomati na kutoza ada yake. Kwa hakika mashine ilirejea ikiwaka upesi. Sura ya nne ya tasnifu, pamoja na mahojiano aliyoyanakili kwa muda wa miezi mitatu, haikurejea.

Sina nia ya kumlaani fundi yule. Aliombwa aondoe uzito, akauondoa wote. Linalonikera mimi, nikiwa mtu wa isimu, ni lile neno lake moja. Katika saiba na vibanda vya mafundi, "kuhangi" ni jina la maradhi matatu tofauti: mashine inayochelewa kuwaka, mashine iliyokwisha kuwaka lakini ikaganda katikati ya kazi, na mtandao unaojivuta. Ni sawa na mgonjwa anayefika hospitalini akiwa na neno moja tu, "naumwa", akampata daktari mwenye dawa moja tu.

Hebu tutazame kinachotendeka. Mtu anapobonyeza kitufe cha kuwashia, programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe huamka kwanza na kukagua viungo: kumbukumbu, kibodi, diski. Kisha huutafuta mfumo endeshi kwenye diski na kuukabidhi kazi. Mfumo huo hupakia kiini chake, halafu huduma zake za chinichini, na baada ya mtumiaji kuingiza neno la siri huziita programu zote zilizoandikishwa kujiwasha zenyewe. Mashine inayokawia hata kabla ya nembo ya mfumo kutokea, aghalabu ina kasoro ya vifaa. Ile inayofika upesi pale pa kuingiza neno la siri, kisha ikajikokota dakika nyingi, imelemewa na wageni. Kabla ya kumwendea fundi, basi, mwenye mashine na ajiulize inachelewa wapi.

Jirani yangu mmoja hapa Munyaka, mwalimu wa shule ya msingi, alinijia jioni moja na mashine yake kwapani. (Jina la mtaa wetu, kwa lugha ya Gikuyu, lina maana ya bahati, na bahati ndiyo wengi wetu tunayoitegemea tunapobonyeza kitufe hicho.)

"Daktari," akaniambia, "nimeambiwa ninunue nyingine. Na alama za wanafunzi lazima zifike kwa Baraza la Mitihani kabla ya Ijumaa."

Niliiwasha nikatazama saa. Neno la siri lilihitajika baada ya dakika moja na nusu. Tukamiminiwa chai, tukainywa. Dakika ya tisa ndipo kishale kilipoanza kukitii kipanya.

Nilibonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Katika Windows, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, dirisha linalofunguka hapo lina sehemu iliyoandikwa "Startup", ambayo ndiyo daftari la programu zinazojiwasha. Nilihesabu 19. Zilikuwemo programu mbili za kuzuia virusi, kila moja ikikagua tena kila faili ambayo nyingine imekwisha kuikagua. Zilikuwemo tatu za mikutano ya video, zilizosalia tangu 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Ilikuwemo ya printa ambayo mwalimu aliiuza zamani, na nyingine ambazo hakuna kati yetu aliyezijua.

"Mimi sikuweka hata moja ya hizi," mwalimu akasema.

Kumbe aliziweka. Nyingi kati ya hizo zilimwomba ridhaa kwa Kiingereza cha mawakili na kwa herufi ndogo. Kisanduku kilikuwa kimekwisha kutiwa alama, naye akabonyeza ndiyo. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba mtu akikataa huenda kitu kikaharibika.

Jibu hilo limenikaa moyoni. Mwalimu huyu husahihisha insha za Kiingereza kila wiki. Hashindwi na msamiati. Linalomshinda ni kuthubutu kubishana na mashine katika lugha ambayo hakuwahi kuitumia kwa ubishi wa namna hiyo. Mnamo 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi kwa Kiswahili. Microsoft nayo ikatafsiri Windows. Zaidi ya miaka 20 imepita, nami sijakutana hapa kwetu na maabara ya shule ambayo mashine zake huwasiliana na wanafunzi kwa Kiswahili. Na sisi wanaisimu tulikuwa wapi? Tulikuwa tukibishana kama chombo chenyewe ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Nilishiriki mabishano hayo kwa raha zangu. Lakini jina la chombo halikumzuia mtu yeyote kukitumia. Ni kukosekana kwa maneno ya maradhi yake kunakotugharimu.

Tulizizima programu 14 kati ya 19. Kuzima hapa si kufuta: programu hubaki mahali pake, ikisubiri kuitwa inapohitajika, na mtu akijuta anaweza kuirudisha. Programu isiyojulikana tuliiacha hadi tulipojua kazi yake. Tuliondoa kabisa moja ya zile mbili za kuzuia virusi, tukafuta mafaili ya muda, tukahamisha video za harusi kwenye diski ya nje, kwa maana diski ilikuwa imejaa pomoni na mfumo haukuwa na mahali pa kupumulia. Nikamwonyesha pia jambo ambalo hata mimi lilinichukua muda kuliamini: katika matoleo haya ya Windows, kuzima kwa kawaida huwa si kuzima kabisa. Kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho kiamke upesi, na kasoro iliyokuwemo inaweza kuamka nacho. Anayetaka mfumo uanze upya kikweli achague "Restart".

Mashine ikawaka kwa dakika tatu kasoro. Alama zilifika Alhamisi.

Dakika hizo tatu zina sababu yake, nayo si uchafu. Diski ya mashine ile ni ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono wake wa kusomea hauwezi kwenda mahali tofauti zaidi ya mara mia moja hivi kwa sekunde. Kuwaka kwa mfumo kunahitaji maelfu ya safari kama hizo. Diski za kisasa zisizo na kiungo kinachozunguka hufanya maelfu ya safari kwa sekunde moja, na kubadilisha diski peke yake ni nafuu mno kuliko kununua mashine mpya. Shule yenye fedha kidogo ianzie hapo.

Kuna na ugonjwa mwingine unaosingiziwa mtandao. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ya duara, ya ukubwa wa sarafu, inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikifa, mashine huamka ikidhani ni mwaka wa zamani, na tovuti nyingi huikataa kwa kuwa vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Nimeona watu wakilalamikia mtandao kwa wiki nzima kwa sababu ya betri hiyo.

Nikiri hata hivyo kwamba usafi una mpaka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi kuukuu haziwezi kupokea toleo la 11, kwa sababu linadai kichakataji kipya na kijenzi cha usalama ambacho hazina. Mashine ya namna hiyo, hata ikiwaka haraka namna gani, haifai kuachwa mtandaoni bila marekebisho ya usalama. Hapo mtu anaweza kuweka mfumo wa bure wa Linux, ambao matoleo yake mepesi hutosheka na mashine kongwe. Utamdai siku chache za kujifunza, lakini hautamdai shilingi.

Kwa vyovyote vile, fundi asiguse diski kabla nakala ya kazi haijahifadhiwa mahali pengine, na mwenye mashine aifungue mwenyewe na kuhakikisha kuwa inasomeka. Mwanafunzi wangu sasa ana nakala tatu za kila ukurasa. Alirudi nyanjani kuyarekodi upya mahojiano yake. Kati ya wazee saba aliowahoji mara ya kwanza, wawili hakuwakuta.