Fahamu: Maji ya kufulia yanavyofaa bustanini

Maji yaliyokwisha kutumika kufulia, kuogea au kusuuzia vyombo bado yana kazi moja: kumwagilia bustani. Jijini Dar es Salaam, ambako mgao wa maji ulitangazwa Oktoba 2022 baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua, mwenye mchicha na matembele uani ana sababu ya kuyatunza. Maji ya chooni hayamo katika hesabu hii.

Yaliyo bora ni ya suuzo la mwisho, kwa kuwa sabuni imebaki kidogo. Sabuni nyingi za unga zina sodiamu, ambayo ikirundikana huharibu udongo, hasa wa mfinyanzi: maji hutuama juu yakimeta, hayazami. Dawa ni kubadilisha sehemu ya kumwagia, na mara nyingine kutumia maji safi. Yaliyotumika kufulia nepi, au yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, yamwagwe kwingine.

Maji ya kumwagilia hayalazwi ndooni siku mbili. Huoza na kunuka. Humwagwa shinani, si juu ya majani, na migomba na mipapai huyafaidi kwa wasiwasi mdogo kuliko mboga za kuliwa mbichi, ambazo ni heri zisimwagiwe kabisa. Nyasi kavu zikitandazwa shinani, unyevu hukaa.

Mvua nayo ni akiba. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Maji ya mwanzo, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, huachwa yapite. Bati la mita za mraba 30 likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 600: ndoo 30 kubwa.