Mwenye Tiketi Si Mwenye Geti

Binamu yangu anaishi Al-Nuzha, Riyadh, mwaka wa sita sasa. Ni dereva. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Hata salamu hazijaisha vizuri akaingia kwenye hoja: amejiwekea akiba kidogo, na mtu amemshauri anunue hisa za kampuni zinazouza mitambo ya tiketi na foleni kwenye viwanja vikubwa vya burudani. "Kaka, huku siku hizi kila unapokwenda ni tiketi," akasema. "Wamejenga mji mzima wa michezo. Anayewauzia mitambo ya geti atakosaje pesa?"

Nimekaa na swali lake siku kadhaa. Ni swali zuri, tena limeulizwa na mtu ambaye kila riyali yake ameitolea jasho, kwa hiyo sikutaka kumjibu kwa haraka. Kila nilipolizungusha nilijikuta nimerudi nyumbani, kwenye vituo vya mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam na kwenye matatu za Nairobi. Lakini nianze kule biashara hii ilikoanzia.

Kampuni inayojulikana zaidi katika kazi hii ni ya Uingereza. Ilianzishwa na Leonard Sim kwa jina la Lo-Q, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa kifaa kidogo cha kushika mkononi, Q-bot. Mgeni alikikodi getini, akachagua mchezo anaoutaka, kisha akaenda zake kula au kutembea. Zamu yake ilipokaribia kifaa kilimwita. Mwaka 2001 kilianza kutumika kwenye kiwanja cha burudani cha Six Flags Over Georgia, Marekani, na kampuni ya Six Flags yenyewe ikawa mteja mkubwa wa Lo-Q kwa miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka 2012 Lo-Q ikainunua kampuni ya tiketi ya Kimarekani iitwayo accesso, na mwaka uliofuata ikachukua jina hilo. Hisa zake zinauzwa London, kwenye soko la kampuni ndogo liitwalo AIM.

Kwa nini mwenye kiwanja alipie kitu kama hicho? Sababu si huruma kwa miguu ya wageni. Mtu aliyesimama kwenye foleni hanunui chochote. Mtoe kwenye foleni, mpe saa moja ya kuzurura, naye atanunua soda, kofia, picha na chakula cha watoto. Juu ya hapo, yupo atakayekubali kulipa zaidi ili apite mbele ya wenzake. Kwa hiyo muuza mitambo akija na hesabu kwamba atakupunguzia foleni na papo hapo atakuongezea mauzo, ni vigumu kumkatalia.

Hesabu ile ina upande wa pili. Tuchukue mfano. Rolakosta ina magari mawili yenye viti 20 kila moja, na kila dakika mbili gari moja linaondoka. Hao ni watu 600 kwa saa. Kiwanja kikiwa wazi saa 10, watapanda watu 6,000. Wakija 9,000 wanaotaka kupanda, 3,000 watarudi nyumbani bila kupanda, hata simu zao ziwe janja kiasi gani. Na ukitenga viti 200 kila saa kwa waliolipia kupita mbele, wasiolipa wamebakiwa na 400. Foleni yao ya watu 1,200, ambayo ingekwisha kwa saa mbili, sasa itakwenda tatu. Programu haijaongeza kiti hata kimoja. Imegawa upya vile vilivyopo, na baba aliyekuja na wanawe wanne kwa nauli ya kuungaunga ndiye anayesubiri zaidi. Jambo hili linaniuma, na sioni haya kulisema kwenye makala ya uwekezaji.

Saudia yenyewe ina mfano wa foleni ya simu ambao wasomaji wengi wa Kiswahili wanaujua kuliko rolakosta yoyote. Oktoba 2020, Umra ilipofunguliwa tena baada ya kusimamishwa kwa ajili ya korona, ruhusa zilitolewa kupitia programu iitwayo Eatmarna, na awamu ya kwanza ilikuwa watu 6,000 kwa siku. Mwaka 2022 nafasi yake ikachukuliwa na Nusuk. Leo anayetaka kuswali Rawdha, ndani ya Msikiti wa Mtume, Madina, anaweka nafasi kwenye simu, anapewa siku na saa, anafika na ruhusa yake mkononi. Silinganishi mahali patukufu na uwanja wa michezo. Ninachotazama ni namna ya kupanga watu, na hapo kuna jambo: aliyeunda mfumo alianza kwa kukubali kwamba eneo ni dogo na halitakua, kisha akagawa muda kwa wote bila kuuza zamu. Wazo ni lilelile la Leonard Sim. Kilichobadilika ni anayeamua litumikeje.

Sasa turudi nyumbani, maana huku ndiko nilikojifunza habari ya geti.

Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Dar es Salaam Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Mpango ulikuwa mzuri kwelikweli: unalipa kabla ya kuingia kituoni, unapita kwenye geti kwa kadi au tiketi, basi likija unapanda bila kondakta kukudai nauli. Mfumo wa kukusanya nauli ulifungwa na kampuni ya Kitanzania, Maxcom Africa, tunayoijua zaidi kwa jina la Maxmalipo. Nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650. Watu walinunua kadi, wakazionyesha kwa fahari.

Lakini mabasi yaliyoletwa kuanzia yalikuwa 140, wakati mpango wa awamu ile ulitaka 305. Karakana ikajengwa Jangwani, bondeni, na mvua zikaijaza maji zaidi ya mara moja. Kadi zikapotea mikononi mwa watu, tiketi za karatasi zikarudi kutawala, na miaka ikapita kabla ya kadi kurudishwa kwa nguvu mpya.

Nakumbuka asubuhi moja, saa moja kasoro, kwenye kituo kimoja cha njia hiyo. Mbele yangu mama amembeba mtoto mgongoni, mkoba begani, tiketi ameibana kwa midomo kwa sababu mikono yote ina kazi. Dirishani hakukuwa na shida, nusu dakika alikuwa ameshapata tiketi yake. Getini kijana akaipokea, akaichana, mama akapita. Mambo yote yamekwenda sawasawa. Akaingia ndani, na ndani ndiko foleni ilikokuwa: watu wamejaa hadi ukingo wa jukwaa, wote wana tiketi halali zilizochanwa, wote wanatazama upande mmoja. Basi la kwanza likapita limejaa, halikusimama. La pili likasimama, wakaingia watu wachache wenye vifua vipana. Yule mama alirudi nyuma akaegemea nguzo. Mashine ya tiketi ilifanya kazi yake yote asubuhi ile. Ilikuwa imeihamisha foleni kutoka nje ya geti kuipeleka ndani.

Tangu siku ile nikisikia neno "mfumo wa kisasa wa tiketi" huuliza kwanza: nyuma ya geti kuna nini?

Nairobi somo lilikuwa la namna nyingine. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta BebaPay, kadi ya kulipia nauli ya matatu kwa kuigusisha kwenye simu ya kondakta. Serikali nayo ikaweka tarehe ya mwisho, 1 Julai 2014, nauli za fedha taslimu zikome. Fedha zilikuwepo, teknolojia ilikuwepo, amri ilikuwepo. Wenye magari wengi waliipenda kwa sababu wangejua kilichokusanywa kila siku. Lakini makanga na dereva wanaishi kwa fedha ya siku: mafuta, chakula, hesabu ya tajiri, na vile vitu vya barabarani ambavyo havina risiti. Kadi ingepeleka nauli moja kwa moja benki, wao wabaki wakisubiri. Wakaikataa bila kelele nyingi, kwa kusema tu mashine haifanyi kazi leo, lete pesa. Machi 2015 Google ikaifunga BebaPay. Hakuna mtaalamu wa London wala California ambaye angeweza kuishinda mikono ile, na kwa kweli hakuna aliyewauliza mapema wenye mikono hiyo wangefaidika nini.

Ndiyo maana habari ya Qiddiya, ule mji wa michezo aliousema binamu, niliisoma kwa makini zaidi kuliko nilivyotazamia. Qiddiya ni mji wa burudani na michezo chini ya majabali ya Tuwaiq, kilomita kama 45 kusini-magharibi mwa Riyadh, mradi wa mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia, PIF. Ulitangazwa Aprili 2017. Aprili 2018 Mfalme Salman akaweka jiwe la msingi, na mwezi huohuo Six Flags wakatajwa kuwa wangekuwa na kiwanja chao hapo. Ahadi ilikuwa kwamba awamu ya kwanza ingefunguliwa mwaka 2022. Mwaka 2022 ndipo mkataba mkubwa wa kukijenga kiwanja hicho ulipotolewa. Milango ya Six Flags Qiddiya ilifunguliwa kwa umma tarehe 31 Desemba 2025, pamoja na rolakosta ya Falcons Flight, ambayo njia yake ina urefu wa zaidi ya kilomita nne na mwendo wake umepangwa kufika kilomita 250 kwa saa.

Si haki kuuita mradi huo umeshindwa. Umejengwa, umesimama jangwani, watu wanaingia. Lakini mtazame kwa jicho la mtu aliyenunua hisa za muuza mitambo ya tiketi mwaka 2018 kwa kusikia kwamba Ghuba itajaa viwanja. Kampuni kama hiyo hupata fungu lake hasa tiketi zinapouzwa. Jiwe la msingi halimpi kitu. Mchoro haumpi kitu. Geti lisipofunguliwa, yeye analipa wahandisi wake na kusubiri, na ufunguo wa geti uko kwa mwingine.

Tena huko London yenyewe mambo hayakutulia. Hisa moja ya accesso ilipita pauni 25 mwaka 2018. Kisha soko likaanza kutilia shaka gharama za kujenga mifumo mipya, bei ikaporomoka. Mwaka 2019 kampuni ikajitangaza kuwa iko tayari kununuliwa, na mazungumzo yakaisha bila mnunuzi. Machi 2020 korona ikafunga viwanja karibu dunia nzima, hisa ikauzwa chini ya pauni 5. Mitambo haikuwa imeharibika. Mafundi hawakuwa wamekosea. Mageti yalifungwa, basi. Na Julai 2024 Six Flags ikaungana na Cedar Fair, mwendeshaji mwingine mkubwa wa viwanja Marekani. Wateja wawili wakubwa wakiwa mmoja, muuza mitambo anabaki na mlango mmoja wa kubisha, na aliye ndani anajua hivyo anapokuja kujadili bei.

Kwa hiyo nilimrekodia binamu ujumbe mrefu kuliko wake. Nilimwambia kwamba hisa za namna hii si haramu kwa akili yangu ya biashara, ila anayezinunua asidhani amenunua kipande cha Qiddiya. Amenunua kipande cha mtu anayesimama nje ya Qiddiya akisubiri watu wapite. Aulize kampuni ina wateja wangapi, na mkubwa kuliko wote anachangia kiasi gani cha mapato. Aulize inalipwa kwa mwaka au kwa kila tiketi. Aulize mkataba unakwisha lini. Mengi ya majibu hayo hupatikana kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni iliyo kwenye soko la hisa, na kijana anayejua Kiingereza cha kuendeshea gari Riyadh, akisaidiwa kidogo, atayasoma. Asiweke akiba yote. Nyumba ya mama Tanga haijaezekwa bado, na bati haliko kwenye soko la London.

Na kwa kuwa yeye yuko kule, anaweza kuona kitu ambacho mwekezaji wa London anakisoma kwenye karatasi tu. Nimemwomba Ijumaa moja jioni, akipata nafasi, aende hadi getini Qiddiya na daftari. Ahesabu kwa robo saa ni watu wangapi wanapita, ni mageti mangapi yako wazi na mangapi yamefungwa, nani anaonyesha simu na nani anaelekezwa dirishani, na wakishaingia wanasimama wapi. Afanye hivyo Ijumaa ya wiki ya mshahara, kisha arudie Jumanne ya katikati ya mwezi. Hesabu hiyo akinitumia, tutaongea habari ya hisa.