Mabishano ya Magogoni: Ni Muongo Upi Uliowatesa Watu Zaidi? (Sehemu ya Pili)

Kauli moja husikika Magogoni, mtaa wa Kisauni mjini Mombasa, kila bei ya unga inapopanda, kila mifereji inapokauka, na kila kunapokucha baada ya usiku wa mapanga: mateso ya miaka kumi hii hayajawahi kuonekana. Dereva wa tuktuk huisema. Mama wa mahamri huisema huku akigeuza andazi. Kijana aliyemaliza chuo na hadi leo hajapata kazi huisema kwa ukali kuliko wote. Kisha mzee mmoja huweka kikombe chake cha kahawa chini, akataja jina moja tu: Mtongwe. Hapo baraza hugawanyika.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilipima madai hayo kwa bei na mishahara. Hii inaingia penye uzito zaidi, yaani vifo na hofu.

Wazee wana hoja nzito. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya MV Mtongwe iliondoka ng'ambo ya kusini ikielekea kisiwani. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 300 hivi, lakini siku hiyo ilipakia takriban 400. Haikufika popote. Ilipinduka ikiwa karibu mno na gati iliyotoka, na watu 272 wakafa, wengi wao wakiwa wanawahi kazini. Anayetaka kulinganisha na akumbuke kisa cha 29 Septemba 2019, pale gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee likazama na mama na bintiye ndani yake. Taifa zima lilikesha kwa siku 13 likisubiri gari litolewe majini. Msiba ule uliliza watu, na aibu ya kukosa vifaa vya uokoaji ilistahili kelele zote zilizopigwa. Lakini idadi ni idadi: 272 kwa wawili.

Miaka mitatu baada ya Mtongwe ikaja Likoni. Usiku wa 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kundi la wavamizi lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni pamoja na kile cha kwenye kivuko, likawaua maafisa sita na kupora bunduki zaidi ya 40. Kisha likawageukia watu wa bara. Nyumba na vibanda vilichomwa, na katika wiki zilizofuata waliouawa walipita 100, na waliohama makwao walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Wengine walijisitiri kanisani palepale Likoni. Hoteli za pwani zilibaki na wafanyakazi wasio na mgeni wa kumhudumia, na hasara hiyo haikuishia kusini mwa kivuko. Wapishi, wasafisha vyumba na walinzi wa hoteli za Bamburi na Shanzu waliokuwa wakilala Kisauni walirudi nyumbani na barua za kuachishwa kazi.

Na hayo ni mawili tu. Muongo huo ulifunguliwa na ghasia za mwaka 1992, Chama cha Kiislamu cha IPK kiliponyimwa usajili na vijana wa Mombasa wakapambana na polisi mitaani. Ghasia hizo zikafuatiwa na mfumuko wa bei uliopita asilimia 40 mwaka 1993, fedha zilipokuwa zimechapishwa kwa pupa ya uchaguzi na kashfa ya Goldenberg ikiwa imekomba hazina. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilibomoa barabara na kuleta kipindupindu. Bomu la 7 Agosti 1998 liliua watu 213 Nairobi, na uchunguzi wake ukafika hadi Mombasa. Ukame uliofuata ulishusha maji ya mabwawa, hata kufikia mwaka 2000 umeme ukawa wa zamu nchi nzima. Mzee anayeyataja haya yote kwa pumzi moja hahitaji kuongeza chumvi.

Vijana nao si wa kupuuzwa.

Hoja yao ya kwanza ni kazi. Treni ya SGR ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, kituo chake cha Mombasa kikiwa Miritini, na baada ya hapo serikali ikashinikiza makontena yasafirishwe kwa reli hadi Nairobi. Changamwe ndiyo iliyouonja uchungu huo kwanza: madereva wa malori, makuli, mafundi wa magurudumu, mama ntilie wa kandokando ya barabara kuu, wenye yadi za makontena. Mwaka 2019 watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu kuipinga amri hiyo. Serikali mpya iliiondoa Septemba 2022, lakini biashara iliyokwisha kufungwa haikufunguka kwa sababu ya tangazo.

Kati ya SGR na tangazo hilo ikaingia korona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye, siku ya kwanza ya kafyu, abiria waliokuwa kwenye foleni ya kivuko cha Likoni wakijaribu kufika nyumbani mapema walipigwa virungu na kurushiwa vitoa machozi. Kuanzia 8 Aprili hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Mombasa, na marufuku hiyo ilidumu hadi Julai. Mji unaoishi kwa bandari na watalii ulifungiwa milango yote miwili. Halafu ikaja petroli ya zaidi ya shilingi 200 kwa lita mwaka 2023, dola ikapita shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, na Juni mwaka huohuo vijana wakamiminika barabarani kuupinga mswada wa fedha.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi, na Kisauni ndiyo yenye haki ya kuisema. Katika miaka ya tisini hatari ilikuwa na mahali pake: ilikuwa feri, ilikuwa Likoni, ilikuwa msimu wa uchaguzi. Katika muongo huu imehamia uchochoroni. Magenge ya vijana wadogo, wengine hata ndevu hawajaota, yalianza kuvamia mitaa ya Kisauni yakiwa na mapanga, yakimkata yeyote anayekutana nayo, awe na simu ya kuporwa au asiwe nayo. Mwishoni mwa 2016 serikali ilipochapisha orodha ya takriban magenge 90 yaliyopigwa marufuku nchini, Wakali Kwanza na Wakali Wao wa Mombasa walikuwamo. Marufuku ya karatasi haikumzuia mtu. Wenye maduka walijifunza kufunga mapema, na wazazi wakaanza kuhesabu watoto wao jioni kwa hofu mbili: mwanangu asikatwe, na mwanangu asiwe miongoni mwa wakataji. Mei 2024 serikali ya kaunti ilipopiga marufuku muguka, yale majani ya kutafunwa, na mahakama ikasimamisha amri hiyo siku chache baadaye, mabishano ya mtaani hayakuwa juu ya majani. Yalikuwa juu ya nani amewapoteza vijana hawa.

Hapa ndipo mabishano mengi hukwama, kwa sababu kila upande hukata wakati pale panapoufaa. Anayeanza kuhesabu mwaka 2016 anapata SGR, korona na mapanga. Akirudi nyuma hadi 2011 anaongeza mambo mengine kabisa: kuuawa kwa Sheikh Aboud Rogo barabarani huko Bamburi tarehe 27 Agosti 2012 na ghasia zilizofuata, kuvamiwa kwa Masjid Musa Februari 2014, kuuawa kwa Abubakar Shariff, aliyejulikana kama Makaburi, huko Shanzu tarehe 1 Aprili mwaka huo, na polisi kuingia misikiti ya Minaa na Swafaa ya Kisauni Novemba. Muongo ni kipimo cha kalenda. Misiba haisubiri mwaka unaoishia na sifuri. Ukikata 1988 hadi 1997 utapata hesabu moja, ukikata 1993 hadi 2002 utaongeza bomu la hoteli ya Paradise, Kikambala, la 28 Novemba 2002.

Zipo pia zama ambazo hakuna wa kuzitetea barazani kwa kuwa hakuna aliyebaki hai. Kati ya 1914 na 1923 Wagiriama walichomewa nyumba na kutozwa faini kubwa baada ya kuwapinga Waingereza, vita vya wazungu vikawachukua wapagazi ambao makumi ya maelfu yao hawakurudi, na mwaka 1918 mafua makali yakaingia kwa meli kupitia bandari ya Mombasa na kusambaa nchini, njaa ikiwa nyuma yake. Kwa idadi ya makaburi, huenda kipindi hicho kikaushinda muongo wowote unaobishaniwa Magogoni. Lakini swali la baraza ni la kumbukumbu, na kumbukumbu ina umri.

Umri huo ni mfupi kuliko wazee wanavyodhani. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa watatu kati ya kila Wakenya wanne walikuwa na umri wa chini ya miaka 35. Maana yake ni kwamba mkubwa wao alikuwa mtoto wa miaka 12 au 13 Likoni ilipowaka. Mombasa yenyewe ilikuwa na watu 665,018 mwaka 1999. Mwaka 2019 ilikuwa na 1,208,333. Mzee anapotaja Mtongwe anawaambia habari watu ambao wengi wao hawakuwapo, ama kwa kutozaliwa, ama kwa kutohamia. Mwaka 1973 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba mtu hukadiria wingi au uwezekano wa jambo kwa wepesi wa mifano inayomjia akilini. Kwa kijana wa Magogoni mfano huo ni jirani aliyeshonwa kichwa juzi. Kwa mzee ni majeneza ya 1994. Kila mmoja anasema kweli ya macho yake.

Hata hivyo pande zote mbili husahau jambo moja, na usahaulifu huo ndio uliomsukuma mwandishi wa makala haya kushika kalamu. Katika orodha ndefu ya mabaya ya miaka ya tisini, ukimwi hautajwi. Msikilize mzee: atataja feri, mapigano, mvua, bomu, hata giza la mwaka 2000. Ugonjwa uliojaza wodi za Hospitali Kuu ya Pwani ataupita kimya. Ulitangazwa kuwa janga la taifa Novemba 1999, wakati ambapo dawa za kupunguza makali zilikuwa za wenye uwezo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio ya vifo nchini yalikuwa zaidi ya laki moja kwa mwaka. Siku hizi ni karibu 20,000. Mtongwe ilikuwa na siku yake na waandishi wake wa habari. Ukimwi ulizikwa nyumba kwa nyumba, matanga yake yakinong'onwa kwamba marehemu alikuwa na kifua au alirogwa. Aibu iliufuta kutoka kwenye hesabu.

Tazama tena watoto. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 1998 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 hawakufikisha miaka mitano, na hali ilikuwa mbaya kuliko ile ya muongo uliotangulia. Utafiti wa 2022 ulikuta 41. Tofauti hiyo ya watoto 71 katika kila elfu haina mnara wala siku ya kumbukumbu, na hakuna anayesimama barazani kuutetea muongo huu kwa kusema watoto wake wote wako hai. Mzazi hashangai kwamba mwanawe hakufa.

Kwa hiyo, kwa kipimo cha uhai, makala haya yanaupa muongo wa 1991 hadi 2000 ushindi huo usiotamaniwa. Wazee wanashinda, ingawa kwa sababu wasiyoitaja.

Lakini ushindi huo una doa, nalo linahusu nani alihesabiwa. Mapigano ya Likoni, pamoja na uchafu wote wa siasa zake, yalifanyiwa uchunguzi. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi iliundwa 1998, ikasikiliza mashahidi, ikaandika ripoti ambayo serikali iliificha hadi 2002, lakini ipo. Anayetaka kujua nani alituhumiwa na nini kilichomwa ana pa kuanzia. Vifo na kupotea kwa vijana wa Pwani katika miaka ya karibuni havijapata tume ya namna hiyo. Desemba 2016 shirika la HAKI Africa la Mombasa lilitoa ripoti iliyoorodhesha visa 81 vya watu waliouawa au kutoweka tangu 2012, vingi vikihusishwa na vyombo vya usalama. Hesabu hiyo ni kazi ya shirika lenye wafanyakazi wachache na bajeti ya misaada, na ni ya waliokubali kusema. Familia ambayo mtoto wake alichukuliwa usiku na gari lisilo na namba haina kaburi la kuonyesha wala cheti cha kifo, na bila cheti hicho mjane hawezi kurithi kiwanja wala kufunga akaunti ya mumewe. Hukaa eda ya aina yake isiyo na tarehe ya kuanza.

Mtu wa namna hiyo haingii katika hesabu ya vifo ya muongo wowote. Sehemu ya tatu itaeleza sheria inasema nini kuhusu aliyetoweka, miaka mingapi hupita kabla mahakama haijamdhania kuwa amekufa, na jinsi Mahakama ya Kadhi inavyoamua mirathi ya mtu ambaye hakuna aliyemzika.