Ulinganisho wa Kuvu ya Mchestinati na Kwezi wa Ulaya katika Uvamizi wa Viumbe Vigeni nchini Marekani

Makala haya yanalinganisha viumbe viwili vigeni vilivyoenea Amerika Kaskazini kutokea jiji la New York: kwezi wa Ulaya, yaani *Sturnus vulgaris*, ambaye ni ndege mwimbaji, na *Cryphonectria parasitica*, kuvu inayoua mchestinati wa Marekani. Hoja kuu ni kwamba kuonekana kwa kiumbe si kipimo cha madhara yake.

Kwezi aliletwa kwa makusudi. Mwaka 1890 Eugene Schieffelin aliwaachilia ndege wapatao 60 katika bustani ya Central Park, na wengine 40 hivi mwaka uliofuata. Kufikia miaka ya 1940, vizazi vyao vilikuwa vimefika pwani ya Pasifiki. Kuvu, kwa upande wake, iliingia bila kukusudiwa, ikiwa imefichika katika miche ya michestinati kutoka Asia. Ilitambuliwa mwaka 1904 katika bustani ya wanyama ya Bronx, wakati miti ilipokuwa imeanza kufa.

Namna ya kudhuru nayo ni tofauti. Kwezi hunyang'anya ndege wenyeji, wakiwamo vigong'ota, matundu ya kutagia. Hata hivyo, ndege aliyenyang'anywa anaweza kutafuta tundu jingine au kutaga baadaye. Mti hauna nafasi hiyo. Kuvu hupenya kwenye jeraha la gome, huua tabaka hai lililo chini yake, kisha huzunguka shina mpaka sehemu ya juu inakauka. Mizizi hubaki hai na kuchipua, lakini machipukizi nayo kwa kawaida huambukizwa kabla ya kukomaa. Kufikia katikati ya karne ya 20, michestinati inayokadiriwa kuwa bilioni 4 ilikuwa imeangamia.

Sheria zilifuata kile kilichoonekana. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilipiga marufuku uingizaji wa kwezi kwa kumtaja jina. Sheria ya karantini ya mimea ilipitishwa mwaka 1912, kuvu ikiwa imekwisha kuenea katika majimbo kadhaa.

Hivyo basi, ulinganisho huu unadhihirisha kuwa udhibiti wa viumbe vigeni haupaswi kuishia kwenye kiumbe kinachoagizwa. Unapaswa kuchunguza pia kile kinachosafiri ndani yake, kwani mche ulioonekana mzima ndio uliobeba maangamizi ya msitu.